Miaka Thelathini na Tatu ya Kutetea Magego ya Watu

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, fundi wa maabara ya meno wa kliniki yetu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi, baada ya kutumikia miaka thelathini na tatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imempunja siku nne, akaenda na daftari lake la mahudhurio, na siku zake nne zikarudi siku hiyo hiyo.

Wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Mama Plasta, na wapo walioajiriwa hapa, wakapandishwa cheo, wakahamishwa, bila kujua kwamba ana jina jingine. Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi. Mume wake, ambaye ni mgeni wetu wa heshima katika hafla ya kumuaga, anasema siku ya harusi yao ilibidi ampanguse kwanza ndipo mpiga picha akubali kufanya kazi.

Wasifu huu umeandikwa na mwenzake aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na mmoja. Utaeleza utumishi wake, vituko vyake, na jambo moja lisilo la kuchekesha sana, nalo ni namna benchi lake la kazi lilivyoponea chupuchupu mwaka huu. Kwa miezi saba ilikwishaamuliwa kwamba siku atakapoondoka yeye, maabara itafungwa nyuma yake, na yeye hakuwa na habari.

Tuanze mwanzo. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba. Maabara aliyokabidhiwa ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, kati ya stoo ya majalada na choo cha wafanyakazi, chenye dirisha moja, benchi la mbao lililoungua pembeni, jiko dogo la gesi la kuyeyushia nta, na mashine ya kutikisa plasta ili isibaki na mapovu. Mashine hiyo ilikuwa na kelele kiasi kwamba wagonjwa waliokuwa wakisubiri waliamini kuna mtu anang'olewa meno yote kwa mpigo. Wengine waliaga kwamba wanakwenda kununua maji na hawakurudi. Mama Plasta aliifungua, akaikaza nati mbili, na tangu hapo inakoroma tu.

Miaka kumi ya kwanza alitengeneza meno bandia, na aliyatengeneza vizuri mno. Kilichombadilisha mwelekeo ni mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, aliyerudi kwa mara ya tatu ndani ya miaka miwili na meno bandia yaliyolika yakawa bapa. Mama Plasta alimuuliza anakula nini, mwalimu akajibu kwamba anakula vitu laini tu. Akamuuliza kama hutafuna kalamu au barafu, mwalimu akakasirika kabisa. Ndipo mke wa mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye kona na mkoba wake mapajani, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye halali, kwani mzee akishafumba macho anasaga kama mashine ya unga, na usiku hayavui hayo meno kwa sababu anaona haya. Mwalimu alimtazama mkewe kana kwamba amemsikia akimwambia ana mkia.

Siku hiyo Mama Plasta aligundua jambo lililoongoza miaka yake yote iliyobaki. Shida ya kwanza ya kusaga meno ni kwamba mwenyewe hayupo wakati tendo linapofanyika. Amelala. Anaamka asubuhi kichwa kinamgonga kwenye panja, taya zimechoka, ulimi una alama za meno pembeni, jino lililozibwa wiki iliyopita limepasuka, na bado anaapa kwa jina la marehemu bibi yake kwamba yeye hasagi. Kwa hiyo Mama Plasta aliacha kubishana na watu. Mgonjwa akiketi tu, alimkabili kwa swali lake moja, ambalo sasa linafahamika mpaka kwenye kliniki za jirani. "Sikuulizi kama unasaga. Nakuuliza unasaga nini."

Watu walicheka, kisha wakaanza kusema. Mshonaji alikuwa akimsaga mteja aliyerudisha suti mara nne. Mama mmoja alimsaga wifi yake aliyekuja kusalimia mwezi Machi na bado yupo. Askari wa usalama barabarani alisema hana kitu chochote moyoni, halafu akaeleza habari za mzunguko wa barabara ulio karibu na soko kwa hasira iliyotufanya tumletee maji. Mama Plasta hakudai kwamba anaponya mambo hayo. Alisema tu kwamba mtu akijua anachokitafuna, walau ataacha kumlaumu daktari wa meno.

Kwa wale walioendelea kukana, alikuwa na dawa nyingine. Alichukua sanamu mbili za plasta, taya la juu na taya la chini, akazikutanisha na kuzisugua taratibu karibu na sikio la mgonjwa. Hakuna aliyevumilia zaidi ya sekunde nne. Kisha akasema kwa upole kwamba hiyo ndiyo sauti anayolala nayo mwenzako, na wanandoa wengi walisuluhishwa pale pale bila kwenda kwa wazee.

Halafu ndipo alipowatengenezea kinga, yaani kile kifuniko cha plastiki ngumu kinachovaliwa juu ya meno wakati wa kulala. Alikuwa mkweli sana kuhusu kifaa hicho. Aliwaambia wazi kwamba kinga haimzuii mtu kusaga, ila inampa kitu kingine cha kusaga badala ya meno yake. Yaliyobaki alitaka wayafanye wenyewe: waache kahawa kuanzia saa kumi jioni, simu isiingie kitandani, kalamu na barafu zisitafunwe, na kitambaa cha uvuguvugu kiwekwe kwenye taya kabla ya kulala. Aliyekuwa anakoroma na kukabwa usingizini alimkatalia kinga mpaka kwanza aende kwa daktari kupimwa namna anavyopumua. Aliyekuwa anatumia vidonge alimtuma akamuulize aliyemwandikia, kwa sababu vipo vinavyokaza taya, na akamkanya asithubutu kuviacha kwa uamuzi wake.

Kinga zake zilipata misukosuko mingi huko majumbani. Dereva mmoja wa lori aliichemsha kinga yake kwa nia njema ya kuua vijidudu, ikajikunja, naye akaja akilalamika kwamba taya lake limekua. Katibu wa vikao wa ofisi fulani aligundua kwamba akivaa kinga mchana hakuna anayemtaka atoe maoni, akaivaa mwaka mzima, na akasifiwa kwa busara. Wapo pia mke na mume waliopimwa siku moja, wakapewa kinga za rangi moja, na wiki iliyofuata wakarudi wamenuniana, kila mmoja akidai amefanyiwa kazi mbovu. Mama Plasta aliwakalisha, akawaambia wafumbe macho, wabadilishane, na wafumbue. Tangu siku hiyo kinga ya mume huwekwa kistari cha buluu.

Tusisahau vidoti. Huu ni ubunifu wake wa mwaka wa ishirini na nne kazini, alipoona kwamba wengi hawasagi usiku tu, bali mchana pia hukaza taya bila kujijua. Meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana kama hutafuni wala humezi, na yeye aliwafundisha watu maneno manne: midomo igusane, meno yasigusane. Ili wayakumbuke, aliwapa vidoti vyekundu vya kubandika kwenye vitu vinavyowakera, na kila wakikiona kidoti waachie taya. Vidoti vyenyewe aliviazima masijala, ambako vilikuwa vya kuonyesha majalada ya dharura, na masijala walikaa miezi mitatu bila dharura yoyote.

Wafanyakazi nao walivipenda. Kufikia mwisho wa mwezi ule kulikuwa na kidoti kwenye mashine ya kurudufu, viwili kwenye simu ya mapokezi, kimoja mgongoni mwa mhudumu wa usafi ambaye hupiga mluzi, na sita kwenye mlango wa mkuu wa kliniki. Mkuu wa kliniki, ambaye ni daktari hodari, mpole, mchapakazi na mwenye sura nzuri kwa umri wake, alidhani ni alama za kuonyesha njia ya kutokea wakati wa moto. Aliwapongeza wahusika kwenye kikao cha asubuhi. Hakuna aliyemsahihisha, na taya zote za kikao zilikazwa ili watu wasicheke.

Sasa tufike kwenye lile jambo la mwaka huu. Februari mkuu wa kliniki alipokea barua ya kurasa mbili kutoka makao makuu. Ilisema kwamba fundi wa maabara atakapostaafu nafasi yake haitajazwa, kwamba chumba chake kitaunganishwa na stoo ya majalada, na kwamba wagonjwa wa kusaga meno watapewa kinga zilizotengenezwa tayari kiwandani. Mkuu aliisoma, akaiweka droo ya chini, akaifunika na kalenda ya mwaka juzi, na hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipita mbele ya maabara, akapunga mkono, na Mama Plasta akampungia.

Juni Mama Plasta aliamua kubadilisha sanamu za kufundishia, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimepukutika. Aliwapima wafanyakazi wote. Zamu ya mkuu ilipofika, alikuja akiongea na simu, akaketi akiongea na simu, na aliacha tu pale kibakuli chenye ile dawa laini inayoganda kilipoingizwa mdomoni. Alikaa kimya dakika nne. Wauguzi wanazikumbuka dakika hizo kwa mapenzi makubwa, na waliomba zoezi hilo liwe la kila wiki. Sanamu zote zilipangwa rafuni kwa namba bila majina, ili kutunza siri za watu, na orodha ya majina ilibaki kwenye daftari la Mama Plasta.

Septemba walikuja wanafunzi tisa wa chuo kujifunza habari za meno yaliyosagika. Mkuu wa kliniki alisimama mbele ya rafu, akapitisha kidole, akachagua namba kumi na nne, na uso wake ukabadilika kwa furaha ya kitaaluma. Aliwaambia wanafunzi kwamba hii ni sanamu ya kufundishia vizazi. Akawaonyesha magego yaliyolala bapa, jino la chonge la kushoto lililomeguka kipande cha ukubwa wa ukucha wa mtoto, na alama mpya zinazong'aa pembeni. Akakadiria kwamba mwenyewe ana miaka sitini na tano. Akasema mtu huyu ni mkaidi, hakubali kwamba anasaga, ameshabadilisha daktari, na mke wake kama bado analala naye chumba kimoja, basi ni mwanamke wa kuombewa dua. Tena akasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mgonjwa wa namna hii huwa ana jambo analolificha, na halitamwacha mpaka aliseme.

Mwanafunzi mmoja aliuliza mgonjwa kama huyo asaidiwe vipi. Mkuu akajibu kwamba aitwe mara moja, awekwe mbele ya sanamu yake, asipewe nafasi ya kujitetea. Mama Plasta alikuwa amesimama mlangoni na sinia la plasta. Aliwasubiri wanafunzi watoke mpaka wa mwisho, akalitua sinia.

"Daktari, mgonjwa huyo nimuite saa ngapi?"

"Leo hii hii."

"Basi ameshafika," akasema, na akafungua daftari kwenye ukurasa wa majina.

Nadhani msomaji ameshaelewa. Mkuu wa kliniki ni mimi. Sifa nilizompa hapo juu niliziandika mwenyewe. Mhariri wa jarida hili aliomba nizifute, nikakataa, kwa sababu sijui ni lini tena mtu mwingine ataniandikia.

Nilibisha, kama mnavyonijua. Nilisema daftari limekosewa. Nilikwenda kwenye kioo cha ukutani, nikafunua mdomo, nikaiinua sanamu karibu na shavu langu, na chonge mbili za kushoto zikatazamana, moja nyeupe ya plasta na moja yangu, zote zimemeguka mahali pamoja. Mimi ni daktari wa meno mwenye uzoefu wa miaka ishirini na mbili. Nimewaambia maelfu ya watu kwamba wanasaga. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshahamia kwenye kochi la sebuleni tangu miaka mitatu iliyopita, na nilikuwa nikiwaeleza ndugu kwamba anapenda upepo wa dirisha lile.

Mama Plasta alifunga mlango, akavuta kiti kifupi cha duara anachokalia siku zote, akaketi. Hakucheka. Pengine ni hilo lililonivunja nguvu.

"Sikuulizi kama unasaga, baba. Nakuuliza unasaga nini."

Nilikwenda kwenye droo ya chini nikaileta barua. Aliisoma mara mbili, miwani imeshuka kwenye pua, kidole kikifuata mistari. Niliona aibu kubwa, nami sioni sababu ya kuificha hapa. Kwa miezi saba nilikuwa nimemwacha mtu apige pasi aproni yake kila Jumapili kwa ajili ya chumba ambacho kwenye karatasi hakikuwepo tena. Nilikuwa nikijiambia kwamba nangoja wakati mzuri, na kila wakati mzuri ulipofika niliona ngoja nimalize kwanza jambo jingine. Alipomaliza kusoma hakuuliza habari zake mwenyewe hata kidogo. Aliuliza wale watakaokuja na taya zinauma waende wapi.

"Kurasa mbili, miezi saba, unazitafuna peke yako," akasema. "Ungenipa moja."

Halafu, kwa kuwa yeye ni yeye, akaichukua sanamu yangu tena na kunisahihisha. Alinionyesha kwamba barua ilikuwa imesaga zile alama mpya tu, zinazong'aa. Ubapa wa magego ulikuwa wa miaka kumi na zaidi, kwa hiyo nisiisingizie barua kila kitu, na alitarajia kuniona Jumatatu saa mbili kwa ajili ya kupimwa upya. Nilifika saa mbili na dakika tano, nikasemwa.

Wiki hiyo hiyo tuliwajibu makao makuu. Mimi niliandika barua ya hasira ya kurasa nne, Mama Plasta akaipunguza ikawa nusu ukurasa, akaongeza ombi moja tu: walete hizo kinga za kiwandani tuzijaribu kwa wiki nne kwa wagonjwa ishirini, halafu waamue. Lilikuja boksi lenye saizi tatu, ndogo, kati na kubwa, kama soksi. Alizigawa kwa moyo mmoja, akawaeleza watu namna ya kuzilainisha na kuzivaa kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa kazi ya mikono yake. Mimi nilitamani azieleze vibaya kidogo. Hakukubali.

Ripoti yake ninaihifadhi. Mgonjwa wa tatu aliikuta kinga ndani ya kiatu asubuhi, na hakumbuki ilifikaje. Ya mgonjwa wa sita iliangukia nyuma ya kabati, bado inatafutwa. Mgonjwa wa tisa alisema kifaa kinamfaa sana, ila anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Mgonjwa wa kumi na tatu aliitafuna ikaisha ndani ya siku nane, akaomba nyingine. Na wagonjwa watano, aliandika Mama Plasta kwa wino ule ule na herufi zile zile, zimewafaa vizuri, wamelala, hawahitaji kutengenezewa nyingine. Nilimsihi awafanye wawe wawili. Nilimwambia kwamba watano hao watatuponza. Akanijibu kwamba amekaa miaka yote hiyo akiwaambia watu wakubali kilichomo mdomoni mwao, na hawezi kuanza kuongopa akiwa amebakiza wiki sita.

Majibu yalikuja tarehe 27 mwezi uliopita. Hatukupata yote tuliyoyaomba. Boksi litaendelea kuja, kwa ajili ya wale litakaowafaa, na baada ya miaka miwili watakuja kututazama tena. Lakini maabara inabaki, fundi mmoja ataajiriwa, na aliyetia saini alieleza kwa mkono pembeni kwamba kilichomshawishi ni wale watano. Niliyasoma kwa sauti pale maabara. Mama Plasta alizima jiko la gesi, akafuta mikono, akaomba asomewe tena, na safari hii akalia. Mimi pia. Mhudumu wa usafi aliyepita akipiga mluzi alituona, akanyamaza, akarudi alikotoka.

Kuhusu mkuu wa kliniki, mtafurahi kusikia kwamba anavaa kinga yake kila usiku, yenye kistari cha buluu, na kwamba mlangoni kwake kumebaki vidoti viwili tu, ambavyo vinachunguzwa. Mke wangu amerudi chumbani na mto wake. Ameniagiza nimshukuru Mama Plasta kwa niaba yake, na niseme kwamba kochi sasa liko wazi kwa mgeni yeyote.

Wasifu haukamiliki bila familia. Mumewe ni fundi saa, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka yote amemletea chakula cha mchana kwenye kopo la bati na kuketi naye pale kwenye ngazi za nyuma. Wana mabinti wawili na wajukuu wanne, na meno ya wote wanne yameshapimwa na kuwekwa kwenye sanamu, kwenye kabati la vyombo, mahali ambapo watu wengine huweka picha. Anasema akistaafu atalima bustani ya nyuma ya nyumba, atalala mpaka saa moja, na hatamtazama mtu yeyote mdomoni wakati wa kula. Binti zake wamekubali mawili ya kwanza.

Fundi mpya aliripoti tarehe 17. Ni dada kijana, makini, mwenye maswali mengi, na anatumia mkono wa kushoto. Mama Plasta alimtazama siku moja tu akihangaika kwenye benchi lile, visu upande usio wake, jiko upande usio wake, taa inamtupia kivuli kwenye kazi. Jumamosi alikuja na mumewe, bila kumwambia mtu. Walihamisha taa, jiko, ndoana za visu, droo za nta, na mashine ya kutikisa plasta, wakavipeleka vyote upande wa pili. Mpangilio wa miaka thelathini na tatu uliisha kwa asubuhi moja, na Jumatatu dada yule alifanya kazi bila hata kujua kwa nini mambo yamekuwa mepesi.

Kwa hiyo wiki hii ya mwisho, Mama Plasta, tumekuwa tukikuona pale dirishani. Unaitazama kinga mkononi, unanyoosha mkono wa kulia kuchukua kisu bila kuangalia, na kisu hakipo. Unatabasamu, unauvuta mkono, unazunguka upande wa pili. Jumatatu saa mbili asubuhi mlango huo utafunguliwa, na si wewe utakayeufungua. Ndilo ulilolipigania, na ndilo linalotuuma.

Asante kwa magego yetu, asante kwa usingizi wa wake na waume zetu, na asante kwa wale watano. Nenda salama, dada yetu mkubwa. Tunakuombea siku ndefu zenye afya, bustani inayoota, na kila siku uamke saa moja, taya zimepumzika, huna unachokisaga.